Herufi Nne

Mchonga mawe ametuuliza jina, kalamu sikioni,
nasi tukatazamana, watu watano wa ukoo mmoja,
kila mmoja na jina lake la marehemu yuleyule.

Alizaliwa Aknaszlatina, penye mgodi wa chumvi,
tarehe nne Desemba, siku ya mtakatifu wa wachimbaji,
basi padri hakuhangaika: Borbála.
Ukoo ulitangulia, kama ilivyo kwa Wahungari:
Huszti Borbála. Ukoo mlangoni, mtoto nyuma yake.

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutembea.
Wagiriki wa kale walipokutana na mtu wa lugha nyingine
walisikia bar-bar, bar-bar, uji unaotokota,
wakamwita hivyohivyo: mbwabwajaji, wa kuja.
Mwanamke mmoja akalivaa tusi hilo, akafa nalo, akawa mtakatifu.
Kwa Kiswahili angeitwa Mgeni, tukamaliza.
Au tungelisikia vibaya, tukasema Barabara,
na tusingekosea sana.

Maana yeye hakuhama. Hilo liandikwe kwanza.
Nyumba ileile, kisima kilekile,
mcheri uleule ulioegemea banda la kuni.
Ni mpaka uliokuja, kama mpangaji,
ukakaa, ukaondoka bila kulipa,
ukarudi na viatu vingine.

Alipokuwa na miaka saba, mwalimu kutoka Praha
alimwandika Barbora:
o na a zikabadilishana viti,
na l ikafukuzwa darasani.
Mwaka wa arobaini, siku ya ndoa, Borbála tena,
na karani akampongeza kwa kurudi,
yeye aliyekuwa ametoka jikoni tu.
Kisha Varvara Frantsivna, kwa herufi ambazo mama yake
aliziona kama ua lililoangushwa na ng'ombe.
Baba yake Ferenc, aliyefukiwa mgodini,
akafufuliwa awe jina la katikati.

Ng'ambo ya mto Tisza, dada yake aliamka Romania.
Upana wa mto tu, na miaka kumi na minane bila kukumbatiana.
Jumapili walipigiana kelele juu ya maji:
nani kazaa, nani kafa, chumvi bei gani.
Binti wa dada huyo alifika Uswidi, akazaa Barbro,
jina lililokunjwa miguu kwa baridi.
Yuko pia Bárbara, Rosario, Argentina.
Ametuma picha ya pua yetu.

Kila tarehe nne Desemba bibi alikata tawi la mcheri,
akalitia kwenye chupa ya kachumbari kando ya jiko.
Likichanua kabla ya Krismasi, mtu ataolewa.
Lilichanua kila mwaka. Mimi niliacha kuhesabu.

Husemwa mzee amekula chumvi nyingi.
Yeye aliila kweli: kwenye mkate, kwenye nywele za mumewe,
kwenye shuka zilizosimama zenyewe kambani.
Sasa mgodi umetitia, umekuwa ziwa,
na watalii wa Lviv huelea humo wakisoma magazeti.

Nilimuuliza mara moja, Wewe ni nani kati ya hao wote?
Alikuwa akimenya viazi.
Akasema: Giza likiingia, mama aliita Bori.
Niliingia ndani.
Akaendelea na viazi.

Mchonga mawe anakohoa. Hutoza kwa herufi.
Mjomba Dezső anahesabu vidole, midomo ikicheza:
Varvara Frantsivna, bei ya ndama.
Borbála, bei ya godoro.
Shangazi anasema, Bori. Herufi nne. Basi.

Mchonga mawe anaandika, anasita,
anainua kalamu tena:
Kwa maandishi yapi? Yetu au yenu?

Hakuna anayejibu. Leo ni tarehe tisa,
na nyumbani kuna tawi ndani ya chupa
ambalo hatujui nani alilikata.